Kware Aliyebaki Mkiwa

Leo twataka kusema habari ya ndege mdogo sana. Uzito wake ni kama gramu 150 hivi, na yai lake ni kama gramu 10, lakini taabu yake yaweza kuiamsha nyumba nzima usiku. Ndege huyo ni kware wa kufugwa. Watu wengi siku hizi wamemweka nyumbani, wengine kwa ajili ya mayai, wengine kwa kumpenda tu, na wengine kwa kuwa watoto walimwona sokoni wakalia mpaka akanunuliwa. Wengi huanza na ndege wawili au watatu. Kisha mmoja hufa, mwingine huchukuliwa na paka, na mwisho hubaki mmoja. Swali letu la leo ni hili: Kware akibaki peke yake, imempasa mwenyewe kufanya nini?

Swali hili si la mchezo. Sisi tuandikao habari hii lilitupata nyumbani kwetu, na kabla ya kupata jibu tulikosa mara tatu. Twayaandika makosa yetu pamoja na mafundisho, kwa kuwa mtu ajifunzaye kwa kosa la mwenziwe hulipa ada ndogo.

KWARE NI NDEGE WA NAMNA GANI

Kwanza yafaa tupatane juu ya jina. Watu wa pwani tangu zamani humwita ndege huyu tombo, na jina la kwale au kware waliliweka kwa ndege mkubwa zaidi, apigaye kelele vichakani asubuhi. Lakini siku hizi wafugaji na wauza mayai husema kware, nasi tutalifuata neno lao.

Kware wa vizimbani tulio nao asili yake ni Asia ya Mashariki. Wajapani walimfuga kwa karne nyingi, kwanza kwa kupenda kuusikiliza mlio wa dume, na baadaye, tangu mwanzo wa karne ya 20, kwa ajili ya mayai na nyama. Basi huyu si ndege wa porini petu. Porini petu wako kware wengine, kama yule ambaye dume wake ana baka jeusi kifuani, ambao huja kwa makundi mvua zinaponyesha na nyasi zinapostawi.

Kware hukua upesi. Yai huanguliwa kwa siku 17 au 18, na jike huanza kutaga akiwa na majuma 6 au 7. Lakini maisha yake ni mafupi. Wengi huishi miaka 2 au 3, ingawa mmoja mmoja akitunzwa vema huizidi. Msomaji na aikumbuke hesabu hii, maana mbele tutaihitaji.

Jambo kubwa la kujua ni kwamba kware ni ndege wa jamaa. Wasomao Biblia wanakumbuka katika kitabu cha Kutoka jinsi kware walivyokuja wakaifunika kambi ya Waisraeli jangwani, na wasomao Kurani wanaijua habari ya salwa. Hawakuja mmoja mmoja, walikuja kundi. Hulala chini wakiwa wamekaribiana, huoga mavumbi pamoja, na mmoja akishtuka wote hushtuka. Kwa ndege anayewindwa na paka, mwewe, nyoka na kicheche, macho mengi ndiyo ngao yake. Akikaa peke yake kila sauti humtisha, kwa kuwa hana mwenziwe wa kumjulisha kwamba hapana hatari.

Ndugu zetu Wajaluo wa pande za Siaya, katika Kenya, walilijua jambo hili zamani sana. Wao humwita ndege huyu aluru. Desturi yao ni kumtia kware wa porini katika kitundu cha kusukwa, na kukitundika juu ya mlingoti mrefu. Aliyemo hulia, na wapitao humsikia, wakashuka na kunaswa katika tanzi zilizotegwa chini. Chambo chao si punje, bali ni sauti ya ndege anayewaita wenziwe. Tukilikumbuka hilo, hatuwezi kusema kwamba mlio wa kware aliyebaki peke yake hauna maana.

HABARI YA KWARE WETU

Mwenzetu mmoja wa ofisini alipohamishwa, alituachia kware wawili, dume na jike, pamoja na kizimba chao. Mtoto wetu wa kike, aliyekuwa na miaka 9, akawachukua kuwa wake. Aliwapa maji kabla ya kwenda shule, na jioni aliwatafutia mchwa. Baada ya miezi minane jike alikufa usiku mmoja wa baridi ya mwezi wa Julai, yai likiwa limemkwama. Dume alikaa kimya siku moja. Siku ya pili, kabla ya alfajiri, akaanza kulia. Akalia mchana kutwa, akalia na usiku mradi taa inawaka. Alitembea kando ya wavu, kwenda na kurudi, hata njia yake ikaonekana katika maranda.

Jirani yetu, mzee anayeheshimiwa mtaani, alivumilia siku nne. Siku ya tano akaja, akakaribishwa kiti, akauliza kwa upole, "Bwana Karani, huyo ndege wako anamdai nani, hata anaita namna hii?" Tukaona haya, tukaanza kutafuta dawa.

Kosa la kwanza lilikuwa kudhani kwamba sisi wenyewe tutamtosha. Mtoto alikaa naye kila jioni, na kweli ndege alinyamaza alipomwona. Tukafurahi. Tukaweka na kioo kizimbani, ili aone ndege mwingine. Alikidonoa kioo, akazunguka nyuma yake kumtafuta mwenzi asimpate, na usiku akalia zaidi kuliko kwanza. Ndipo tulipoona ukweli. Mtoto ana shule na usingizi wake, nasi tuna kazi ya ofisi, lakini kware hana kitu kingine chochote isipokuwa sisi. Saa mbili za jioni hazijazi siku yenye saa 24.

Kosa la pili lilikuwa kumtia bandani pamoja na kuku. Tulisema moyoni, ndege ni ndege. Kabla ya adhuhuri tetea mmoja alikuwa amemdonoa kichwani mpaka damu. Hata kama wasingemdonoa, kosa lingalikuwa kosa, kwa sababu kuku waweza kuwa na maradhi wasiyoyaonyesha, kama mafua ya kuku, na kumwambukiza kware. Yako na maradhi ya vidonda vya utumbo ambayo kware huyapata upesi na kufa nayo upesi kuliko kuku. Kuku si mwenzi wa kware, wala njiwa si mwenzi wake.

Kosa la tatu lilikuwa haraka. Tulikwenda sokoni, tukanunua kware mwingine kwa mtu aliyetuambia kwamba ni jike. Hatukumchungua, wala hatukumtenga. Tulimtia kizimbani saa ile ile. Alikuwa dume. Wakapigana kama majogoo, na tungalichelewa kidogo yule mgeni angalipofuka jicho. Tulimrudisha kwa mwenyewe, na fedha hatukuirudishiwa. Wazee walisema kweli, haraka haraka haina baraka.

KUMCHUNGUZA NDEGE KABLA YA KUMTIBU

Asemaye kwamba ndege wake ana ukiwa, na ahakikishe kwanza kwamba si mgonjwa. Kware mkiwa hutembea ukingoni mwa kizimba bila kutulia. Huita, akanyamaza kama asikilizaye, kisha akaita tena. Hushtuka kwa jambo dogo, na pengine huacha kuoga mavumbi au hupunguza kula. Lakini ndege aliyejikunyata na manyoya yake yamesimama, au asinziaye mchana, au atokwaye kamasi, au ahemaye mdomo wazi, au aharishaye, huyo ana maradhi, na dawa yake si mwenzi. Mpelekeni kwanza kwa afisa mifugo. Kumletea mwenzi ndege mgonjwa ni kuwapoteza wawili badala ya mmoja.

Tena yafaa kujua kwamba si kila kuita ni huzuni. Dume mzima huita hata akiwa na majike, hasa alfajiri na magharibi. Tofauti ni kiasi chake. Mwenye wenziwe huita kidogo akaenda zake kula, lakini mkiwa huita bila kituo.

Kisha lazima kumtambua dume na jike. Kwa kware wa rangi ya asili, dume ana kifua cha rangi ya kutu kisicho na madoa, na jike ana kifua cheupe-cheupe chenye madoa meusi. Tofauti hii huanza kuonekana wakiwa na majuma 3 au 4. Kware walio weupe au weusi mwili mzima hawajulikani kwa kifua. Kwao hutazamwa chini ya mkia, maana dume aliyekomaa ana kivimbe juu ya tundu la haja, nacho kikibonyezwa taratibu hutoa povu jeupe. Kazi hiyo na afanye mtu aliyeizoea, asije akamwumiza ndege.

NJIA YA KWANZA: KUMPATIA WENZIWE

Aliyebaki akiwa dume, asipewe jike mmoja peke yake. Atampanda mara nyingi mno, hata kichwa na mgongo wa jike vitabaki bila manyoya. Apewe majike 3 au 4. Aliyebaki akiwa jike, atatoshwa na majike wengine wawili, wala hapana lazima ya dume, kwa kuwa jike hutaga bila yeye, isipokuwa mayai yake hayaanguliwi. Madume wawili katika kizimba kimoja kidogo hawafai kamwe.

Wageni wakifika wasionane na mwenyeji mara moja. Watengwe katika chumba kingine kwa majuma 3 au 4, wenye vyombo vyao vya chakula na maji. Mlishaji amhudumie kwanza mwenyeji, kisha wageni, na baada ya hapo aoshe mikono kwa sabuni. Muda huo ukipita bila maradhi kuonekana, vizimba viwekwe karibu karibu kwa juma moja, ili ndege waonane na kusikilizana bila kudonoana.

Siku ya kuwachanganya, isiwe kumwingiza mgeni katika nyumba ya mwenyeji, maana mwenyeji atapigania mahali pake. Afadhali wote waingie katika kizimba kipya. Kama hapana kipya, kioshweni kile cha zamani, badilisheni maranda na kugeuza mahali pa vyombo, hata mwenyeji naye apaone pageni. Tangulizeni wageni, kisha mleteni yeye wakati wa jioni. Wekeni vyombo viwili vya chakula, na maficho ya manyasi au visanduku vyenye milango miwili, ili anayefukuzwa apate pa kutokea. Kufukuzana kidogo siku za kwanza si neno. Lakini damu ikionekana, mtengeni aliyeumia hima, kwa kuwa damu huwavuta wengine wamdonoe zaidi.

Kizimba cha ndege wanne au watano kiwe na urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60, au zaidi. Kware akishtuka huruka wima kwa nguvu, na wengi hufa kwa kujigonga kichwa. Kwa hiyo dari iwe chini, kama sentimita 30 hivi, asipate nafasi ya kujirusha kwa kasi, nayo itandikwe kitambaa kwa ndani. Sakafu isiwe wavu mtupu uumizao miguu, bali iwe na maranda makavu. Wekeni bakuli pana la mchanga mkavu wa kuogea. Chakula kiwe cha vifaranga, kile chenye protini sehemu 20 hata 24 katika 100, kwa maana pumba peke yake haimtoshi. Jike atagaye aongezewe maganda ya mayai yaliyokaushwa kwa moto na kusagwa, ili mayai yake yasiwe laini na kumkwama.

HESABU AMBAYO WENGI HAWAIFANYI

Sasa tuirudie ile hesabu ya miaka. Mathalani kware wako ana miaka 2, nawe wamnunulia mwenzi mmoja wa miezi 2. Mwaka ujao mzee atakufa, na yule kijana atabaki mkiwa kama alivyokuwa mwenziwe. Utanunua mwingine, na yule naye atabaki. Mnyororo huo hauna mwisho. Mtu anunuaye mwenzi mmoja kwa ajili ya ndege mmoja hajaiondoa shida, ameiahirisha tu.

Wala asitumaini kwamba watazaana wenyewe kizimbani. Kware wa kufugwa kwa vizazi vingi amekwisha kupoteza desturi ya kuatamia. Hutaga yai akaliacha na kwenda zake. Atakaye vifaranga lazima awe na mashine ya kutotoleshea, au kuku mdogo mtulivu wa kuyaatamia mayai hayo.

Basi njia ya kwanza ni ya mtu aliyekata shauri kuwa na kundi, na kuliongeza kila mwaka kabla halijapungua. Mtu huyo na ainunue mbao, na wageni wake wanne, na aendelee kwa furaha. Lakini asiyeweza hayo, kwa sababu ya nafasi, au fedha, au kazi ya kuhamahama, asijidanganye. Njia yake ni ya pili.

NJIA YA PILI: KUMTAFUTIA KAO JIPYA

Njia hii yaonekana rahisi, lakini ina mtihani wake, hasa kwa dume. Mfugaji wa mayai hamhitaji dume hata kidogo, na mfugaji wa vifaranga huhitaji wachache tu. Katika mayai yaanguliwayo nusu hivi huwa madume, na wengi wao huishia chunguni. Tena kware hakukosa kupata siku zake mbaya. Mwaka 2013 na mwanzoni mwa mwaka 2014, watu wengi wa Kenya walikimbilia kumfuga kwa sifa kwamba mayai yake yanaponya maradhi mengi na yanaleta fedha nyingi. Wauzaji wakawa wengi kuliko wanunuzi, bei ikaanguka, na watu wakabaki na ndege wasiotakwa na mtu. Kwa hiyo atoaye kware asidhani kwamba kila apokeaye ni rafiki wa ndege.

Na aulize maneno manne bila kuona haya. Kwanza, unao kware wangapi, na katika hao madume ni wangapi? Pili, huyu utamweka katika kizimba kipi, na waweza kunionyesha? Tatu, utamtenga kwanza kwa muda gani? Nne, akizeeka utamfanya nini? Mtu mwema hatachukizwa na maswali hayo, na atakayechukizwa amekwisha kujibu.

Siku ya kumpeleka, mtieni katika sanduku la karatasi ngumu lenye matundu ya hewa, lisilo refu kwenda juu, na chini mtandike nyasi kavu. Giza la ndani litamtuliza. Msafirishe asubuhi na mapema kabla ya jua kali. Badala ya bakuli la maji litakalomwagika, mtilieni kipande cha tango. Msimfunge miguu, wala msimtie katika mfuko wa plastiki. Mpelekeni pamoja na chakula chake cha siku kadhaa, ili kibadilishwe pole pole, na karatasi yenye kuandikwa umri wake na maradhi aliyowahi kuugua.

Njia ya tatu hakuna. Wako wasemao, "Mfungue aende porini, atawapata wenziwe." Huko si kumpa uhuru, ni kumwua kwa mkono wa mwingine. Ndege aliyezaliwa kizimbani hajui kutafuta chakula wala kumkwepa mwewe. Na kama akiishi, ni mgeni wa nchi, naye aweza kuwapelekea ndege wa porini maradhi ya mifugo. Vivyo hivyo msimtege kware wa porini ili awe mwenzi wa wenu. Katika Tanzania wanyama na ndege wa porini wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuwakamata kwataka ruhusa.

MWISHO WA HABARI YETU

Tulipoifanya hesabu tuliona kwamba sisi si watu wa njia ya kwanza. Nyumba yetu ni ya kupanga, na karani huhamishwa. Lakini mtoto alikataa. Alisema, "Baba, huyu ni wangu, na ananijua." Hatukumlazimisha. Tulimwambia akae karibu na kizimba siku moja ya mapumziko, tangu asubuhi hata jioni, na kila ndege akiita aweke punje moja ya hindi katika kikombe. Alasiri alituletea kikombe kimejaa. Hakusema neno, akakiweka mezani.

Tulimpata mama mmoja, mjane, mwenye kware wengi katika kijiji cha jirani. Tulikwenda na mtoto, tukamwamkia, tukaeleza haja yetu. Yule mama alitujibu wazi kwamba madume anao tele. Kisha akafikiri, akasema kwamba wote hao ni ndugu wa damu moja, na vifaranga vyake vimeanza kutoka dhaifu, na mayai mengi hayaanguliwi. Dume wa damu ngeni angemfaa. Jambo hilo ni la kweli, wasomaji, maana kware wakizaana ndugu kwa ndugu huharibika upesi kuliko kuku.

Mtoto aliuliza swali tulilokuwa tukiliogopa. "Mama, hutamla?" Yule mama hakucheka. Alisema, "Mwanangu, siwezi kukuahidi kwamba hatakufa, maana kila chenye roho hufa. Nakuahidi kwamba hatakufa kwa kisu changu." Tukamwacha kwake katika kizimba cha kutengea, tukarudi nyumbani. Usiku ule nyumba ilikuwa kimya, na mtoto hakulala upesi.

Baada ya majuma sita tulikwenda kumtazama. Alikuwa na majike wanne, mmoja akioga mavumbi ubavuni pake. Mtoto alimwita kama alivyozoea kumwita. Ndege aliinua kichwa mara moja, kisha akaendelea kudonoa pamoja na wenziwe. Tuliogopa kwamba mtoto atalia. Alisimama kitambo, akasema, "Haiti tena." Njiani akatuomba tukiuze kile kizimba kitupu, tununue daftari.

Basi, ndugu wasomaji, haya ndiyo tuliyoyapata. Mwenye kufuga kware na ajue tangu siku ya kununua kwamba iko siku mmoja atabaki. Na afikiri mapema, atakuwa na kundi la kudumu, au anaye mtu mwema wa kumpokea. Msimnunue kware mmoja kwa ajili ya kumfurahisha mtoto. Na aliye naye tayari, akisikia ndege wake anaita usiku, asikasirike wala asikifunike kizimba ili asimsikie. Ndege hamwiti mtu. Anamwita mwenziwe, na aliyemtia kizimbani ndiye imempasa kumleta.